Meno ya Udongo

Jembe la kwanza lilipozama, Paskalia alisikia mlio ambao shimo lile halikupata kuutoa tangu alipokuwa msichana: chuma kikikwaruza jiwe. Askari sita walikuwa wamevua makoti na kuyatundika kwenye matawi, nao walichimba kama watu wanaochimba kaburi la mtu wasiyemjua, haraka haraka, wakitupa huku na huku. Kwanza ulitoka udongo mwekundu, laini, wa kuteleza mkononi. Kisha ukaanza kutoka mwingine, mwekundu vilevile, lakini umetapakaa punje nyeupe ndogo ndogo, kama meno ya mtoto yanayochomoza.

Paskalia alisimama ukingoni, mkononi ameshika kijiti chake cha kuchokolea udongo, kijiti cha mti mgumu kilicholainishwa na viganja vya wanawake watatu waliomtangulia. Alikwisha kusema jana, na juzi, na siku ile ya kwanza alipoitwa Morogoro mjini. Hasira ilimkaa kooni kama mfupa wa samaki: haimezeki, haitemeki.

Shimo lile, juu kidogo ya kijiji cha Mlali, lilikuwa la ukoo wa mama yake, lukolo kama wasemavyo Waluguru, na mwiko wake ulikuwa mmoja tu. Chuma kisiingie shimoni. Udongo huchokolewa kwa kijiti, polepole, na kijiti kikigoma mfinyanzi huacha hapo, akashukuru, akaenda zake. Wengi waliufuata mwiko huo bila kujua maana yake. Paskalia aliijua. Alipokuwa msichana, mke wa mjomba wake, mwanamke mwenye haraka, alichimba kwa jembe. Mtungi wake ukatoka motoni mzuri, ukigongwa unalia kama kengele ya misheni. Siku ya tano, ukiwa umekaa tu pembeni mwa nyumba, ukaanza kujitema wenyewe, kipande baada ya kipande, mpaka ukabaki vigae. Mama yake Paskalia aliokota kigae kimoja, akamwonyesha punje nyeupe katikati ya jeraha, imevimba na kugeuka unga. "Haya ndiyo meno," alimwambia. "Yanalala chini, penye ugumu, kijiti hakiyafikii. Moto hauyaui, unayaamsha. Yakipata unyevu, yanauma."

Basi sasa yalikuwa yamefukuliwa, makapu kwa makapu, na wanaume ishirini wa Mlali walikuwa wanayabeba kichwani kuyapeleka mjini.

Ilikuwa mwaka wa pili wa vita vya Wazungu. Waingereza walikuwa wameifunga bahari, hata sindano haikuingia, na serikali ya Wajerumani ikawa inatafuta kila kitu hapa hapa: sabuni, viatu, dawa ya homa. Pale Morogoro, karibu na mto, mlima ukiwa umeinama juu ya mapaa, kulikuwa na banda refu la mabati ambamo mabwana wawili walikuwa wanatafuta mafuta ya kuendeshea magari ya jeshi. Mmoja alikuwa Mjerumani, fundi wa mitambo, mtu wa kamba na rula, aliyepima hata kivuli cha mlingoti wa bendera. Watu wa mjini walimwita Bwana Kipimo. Wa pili alikuwa Mwaustria, msomi wa kuchanganya dawa, aliyekuja kutembea akafungiwa na vita. Huyo aliitwa Bwana Chupa. Wafalme wao walikuwa upande mmoja, kwa hiyo nao wakaamriwa waunganishe vichwa. Walichemsha mbata iliyoletwa kwa reli kutoka pwani, wakaunasa mvuke wake, wakaujaribu kwenye injini. Injini ilikohoa, ikakubali. Lakini masufuria yao ya chuma yaliliwa na mvuke ule, na shaba yote ilikwisha kugeuzwa risasi.

Siku moja Salehe, kijana aliyekuwa akichochea moto bandani, alimwaga mabaki ya kile kimiminiko katika mtungi wake wa maji ya kunywa. Asubuhi mtungi ulikuwa mzima, haukulika hata kidogo. Wakautia motoni. Ukavumilia. Bwana Kipimo akataka kujua umefinyangwa na nani, na Salehe, ambaye siku zote alikuwa na neno la mzaha, akasema umefinyangwa na mama yake mkubwa huko Mlali, mwanamke mwenye mikono mizuri na ulimi mkali. Paskalia hakuwa amezaliwa tumbo moja na Chausiku, mama yake Salehe. Lakini Chausiku na Paskalia walikuwa wamefinyanga pamoja miaka ishirini, mmoja akisali Ijumaa na mwingine Jumapili, na watoto wao walikula chungu kimoja.

Hivyo ndivyo Paskalia alivyoitwa. Mabwana walimpa kiti, akakaa chini. Walitaka mitungi kumi na miwili mikubwa, yenye shingo ndefu. Mkalimani wao, Yohana, kijana wa misheni aliyekuwa pia karani wa bomani, alimweleza kwa adabu kwamba kazi hiyo ni ya heshima, mataifa mawili yanaisubiri. Paskalia akasema hana haja na heshima. Alikuwa na haja moja tu. Mwanawe, Dominiko, alikamatwa mwezi wa nne akiwa shambani, mahindi yakitoa mbelewele, akapelekwa upagazi. Arudishwe. Hayo tu.

Yohana alitafsiri. Mabwana walitazamana. Yohana akaongeza maneno yake mengine kwa Kijerumani, kwa sauti ya chini, macho akiyatazama miguu yake. Bwana Chupa aliivua miwani akaifuta kwa leso. Bwana Kipimo alitamka neno moja.

"Bwana anasema ndiyo," alisema Yohana. "Barua itaandikwa."

Paskalia akawapa basi kila kitu. Jinsi ya kutwanga vigae vikuukuu na kuvichanganya na udongo mpya ili usiogope moto. Jinsi ya kuonja udongo kwa ncha ya ulimi. Jinsi ya kukausha kivulini, si juani. Bwana Chupa aliandika, Bwana Kipimo aliandika, kila mmoja katika daftari lake. Aliwaeleza na mwiko wa chuma. Hapo Bwana Kipimo alicheka, na kalamu yake haikugusa karatasi. Kijiti kingechukua mwezi mzima, alisema; vita havina mwezi mzima. Akatuma askari na majembe.

Makapu yalipomwagwa uani kwa banda, Paskalia na Chausiku waliuzunguka ule mlima mdogo wa udongo wakitikisa vichwa.

"Wazungu wawili, chungu kimoja," alisema Chausiku. "Sijui nani atakula ukoko."

"Tutauchambua," Paskalia alisema.

"Wote huu?"

"Mwanangu yumo ndani yake, Mama Salehe. Tutauchambua."

Wakauchambua. Waliuanika ukakauka, wakaupondaponda, wakaupepeta kwa ungo, wakaupitisha katika chekeche la ukindu, kisha wakakaa na kutoa kwa vidole kila punje nyeupe iliyoponyoka. Macho yaliwauma, kucha zikawavuja damu. Mabwana walipita wakawaona. Bwana Kipimo aliuliza wanafanya nini. Yohana akajibu kwamba wanachambua udongo kama watu wachambuavyo mchele. Bwana akasema wanawake ni wanawake, akaenda zake. Kila kitu walikiandika wale mabwana, ila hicho. Meno yalijaa kapu moja, likawa zito kama kapu la mahindi.

Kutokana na udongo ule safi Paskalia alifinyanga mtungi wa kwanza. Alikuwa akiufinyanga huku akisema naye Dominiko kimoyomoyo, kwamba mahindi yalivunwa na mjomba, kwamba yule mbuzi mwenye doa amezaa. Aliuzungushia shingoni mstari wa vidoti kwa ncha ya ukucha, urembo ambao hakuna aliyeuagiza. Akauweka kivulini. Akausifu, jambo ambalo si kawaida yake.

Siku ya pili yake alikuja Benedikto.

Alikuwa mtu wa Mlali, wa rika la Dominiko, na walikamatwa siku moja. Sasa alikuwa ametupwa na jeshi kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umeoza. Alikuja akijivuta kwa gongo mpaka pale uani, akaketi kabla hajakaribishwa, akatoa katika pindo la shuka yake medali ndogo ya Bikira Maria yenye uzi mweusi wa jasho. Alieleza kwa maneno machache, kama mtu aliyeyahesabu njiani. Walibebeshwa masanduku ya risasi. Chakula kilikuwa unga wenye wadudu, tena haukupikwa. Tumbo lilimshika Dominiko mwezi wa saba, siku tatu, na siku ya nne msafara uliondoka bila yeye. Benedikto alimfunika kwa majani kwa sababu hakuna aliyempa jembe.

Jembe, aliwaza Paskalia. Kwa shimo langu walipata majembe sita.

Hakulia. Aliuliza swali moja: je, kuna aliyeandika? Benedikto alisema ndiyo, karani wa msafara alikata jina, na orodha ya waliokatwa ilipelekwa boma la Morogoro mwezi huohuo.

Mwezi wa saba. Na yeye aliitwa bandani mwezi wa tisa.

Yohana alipokuja jioni ile kukagua kazi, alimwamkia kama kawaida yake. Paskalia hakuitikia. Alifungua kiganja, akamwonyesha medali. Yohana alisimama pale, kofia mkononi, kijana wa watu.

"Barua iliandikwa?" aliuliza Paskalia.

"Mama..."

"Nimekuuliza barua."

"Haikuandikwa. Jina lilikuwa limeshakatwa. Niliwaambia, mama, siku ileile, mbele yako. Bwana akasema jibu ndiyo. Mimi ni mdomo tu."

"Mdomo wenye meno," alisema Paskalia. "Nenda."

Alipoondoka, Paskalia aliketi mbele ya udongo safi, ule uliochekechwa, uliolala kama unga wa mahindi ya kwanza. Mtu husema hasira ni moto. Si kweli, au si kweli siku zote. Ile ya Paskalia ilikuwa baridi, tena ilikuwa na mpango. Alinyanyuka, akalivuta lile kapu la meno, akalimwaga lote katikati ya udongo. Akatia maji. Akaanza kukanda.

Chausiku alikuwa akimtazama. Alimwacha akande mpaka punje zote zikazama zisionekane, mpaka jasho likamdondoka puani. Wakafinyanga mitungi kumi na mmoja kwa siku nane. Ilikuwa mizuri, nayo hiyo ndiyo iliyomtisha Chausiku: hakuna mahali ambapo mkono wa Paskalia ulisita.

Ule wa mwisho ulipotiwa shingo, Chausiku alinawa mikono, akakaa karibu naye.

"Mama Dominiko," alisema. Hakubadilisha jina hilo, wala hatalibadilisha mpaka kufa. "Mafuta yatakapokuwa yanachemka humo, anayesimama kuchochea ni nani?"

Paskalia aliulainisha ukingo wa mtungi kwa kidole.

"Sikukatazi," alisema Chausiku. "Ningekuwa wewe nami ningemwaga. Nakuuliza tu anayesimama pale ni nani."

Wote wawili walimjua. Toka pale walipokaa walimsikia, ndani ya banda, akiwachekesha wenziwe kwa kuiga jinsi mabwana wanavyobishana, mmoja akipiga meza, mwingine akiinua kidole. Mke wa Salehe alikuwa na mimba ya miezi saba. Paskalia aliitazama mitungi yake kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu Benedikto afike aliona kitu kingine zaidi ya nyuso za wale mabwana. Aliona mafuta yanayowaka yakimwagikia miguu ya mtoto wa mwenzake. Aliona Chausiku akipewa kitu kidogo kilichofungwa katika pindo la shuka.

Hasira haikupungua. Hebu lieleweke hilo. Ila ilitafuta njia nyingine, kama maji ya mlima yanavyoukuta mwamba.

Mitungi ilichomwa katika tanuri la matofali alilojenga Bwana Kipimo, moto wa siku mbili, moto ambao mfinyanzi wa Uluguru hajapata kuuota. Ikatoka myekundu kama jua la machweo. Bwana Kipimo alipita akiigonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, nayo ikalia, yote kumi na miwili. Hapo ndipo mabwana walipoanza kugombana. Taarifa ya ugunduzi itapelekwa Berlini na Viena mara bahari itakapofunguka, na kila mmoja alitaka jina lake litangulie. Moto ulichomwa na nani? Tanuri ni la nani? Mvuke ulinaswa na akili ya nani? Salehe aliwatafsiria wenziwe ugomvi ule bila kujua hata neno moja la Kijerumani, na hakukosea.

Bwana Kipimo akaamuru mitungi iingizwe bandani, ipangwe mekoni.

Paskalia alisogea mbele. Alisema, na Yohana akatafsiri bila kuinua macho, kwamba mtungi mpya haulazwi ndani. Ni desturi. Hulala uwanjani, wazi, unywe umande na manyunyu ya vuli mpaka asubuhi ya saba, na maji ya mto unyunyiziwe kila jioni. Kabla ya hapo usiguswe na moto wala na mtu.

Desturi hiyo haikuwepo. Aliitunga pale pale, amesimama, mikono ameifunga tumboni.

Bwana Kipimo alikasirika. Lakini mbata ilikuwa haijafika kutoka pwani, gari la moshi lilitarajiwa wiki ifuatayo, na Bwana Chupa, labda kwa kumkomoa mwenzake, alisema kwamba watu wa kale wana sababu zao. Alifungua daftari. Aliiandika desturi ile kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini yake.

"Niliwaambia chuma kisiingie, mkaingiza," alimalizia Paskalia. "Hili nalo msiponisikia, msiniulize."

Asubuhi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Manyunyu yalishuka kutoka mlimani, mepesi, mitungi ikang'aa. Paskalia alikaa kwenye ukingo wa uwanja tangu alfajiri mpaka giza, Chausiku ubavuni mwake, wakisuka ukindu. Salehe alipita akamtania: "Mama mkubwa, unailea au unailinda?" Akamwambia akae mbali. Alimwambia kwa ukali ambao hajapata kumtolea, mpaka kijana akaacha kucheka.

Asubuhi ya nne, saa ile mabwana wanapokunywa kahawa barazani, ulisikika mlio. Tak. Mdogo, kama mtu aliyevunja njugu. Kipande cha ukubwa wa ukucha kiliruka kutoka tumboni mwa mtungi wa tatu, kikaanguka juu ya majani. Bwana Kipimo aligeuza kichwa. Tak, wa saba. Tak, tak, wa tisa. Hata jua lilipofika juu ya mapaa uwanja mzima ulikuwa unasema, na mitungi ikawa inajitema mbele ya macho yao, vidonda vyeupe vikifunguka kila mahali, shingo zikainama, matumbo yakaachia.

Bwana Kipimo alipiga kelele, akamwita mtu asiyejulikana, akaingia ndani kutafuta wa kumlaumu. Bwana Chupa hakupiga kelele. Aliteremka uwanjani, akapiga magoti kwenye majani mabichi, akaokota kigae. Aliing'oa ile punje kwa kisu kidogo, akaigusa kwa ulimi, vilevile alivyofundishwa. Chokaa. Akaenda kigae kwa kigae. Kisha akafika kwenye mtungi mmoja uliosimama mzima katikati ya vifusi, wenye mstari wa vidoti shingoni.

Aliuzunguka. Akaupasua kwa jiwe. Alivipekua vigae vyake kimoja kimoja, akatafuta punje nyeupe, asione hata moja. Alibaki amechuchumaa hivyo kwa muda, na mtu aliyemtazama angeweza kumwona akifikiri: udongo ni ule ule, mkono ni ule ule, tanuri ni lile lile. Taratibu akainua kichwa akawatazama wale wanawake wawili, na ungo, na chekeche la ukindu lililotundikwa ukutani. Aliivua miwani. Safari hii hakuifuta.

Alimwita Yohana, wakaja wote wawili mpaka pale Paskalia alipokaa. Chausiku alimshika mwenzake mkono chini ya kanga. Bwana Chupa aliuliza kwa sauti ya chini, ili yule wa ndani asisikie. Lilikuwa swali fupi.

"Anauliza," alisema Yohana. "Anauliza kama ulijua."

Paskalia aliifungua ile medali kutoka shingoni, akailaza juu ya goti lake, upande wenye sura ukitazama juu. Hakumwangalia Yohana. Alimwangalia Mzungu, usoni, kama mtu anavyouangalia mtungi kabla ya kuugonga.

"Mwambie," alisema, "swali hilo hilo ninalo mimi. Nalo langu ndilo la kwanza."

Yohana alifungua mdomo. Akaufumba. Bwana Chupa alimtazama mkalimani wake, akaitazama medali, akamtazama tena mkalimani, akisubiri. Ndani ya banda Bwana Kipimo alikuwa anaita jina lake. Manyunyu yalianza upya, mepesi, kutoka mlimani.

Nyuma yao, katika kilichosalia cha ile mitungi kumi na mmoja: tak.